Utafiti wa afya: Jifunze kuuliza kabla ya kuamini redio

HEBU fikiria jioni ya kawaida mjini Elburgon. Baridi imeanza kuteremka kutoka upande wa msitu wa Mau, sufuria ya viazi iko mekoni na redio iko juu ya kabati. Baada ya taarifa ya habari, sauti nzito yatangaza kwamba dawa fulani ya mitishamba, "iliyofanyiwa utafiti na wataalamu", huponya kisukari, presha na maumivu ya viungo kwa muda wa wiki tatu. Nambari ya simu yatolewa mara mbili. Bei haitajwi.

Mzee wa nyumba, ambaye amekuwa akimeza tembe za presha kila asubuhi kwa miaka mingi, ainua kichwa. Mkewe amtazama. Kila mmoja ajua anachofikiria mwenzake: kwa nini tuendelee kupanga foleni hospitalini ikiwa wiki tatu zatosha?

Msomaji, hapo ndipo hatari ilipo. Mgonjwa wa shinikizo la damu akiacha dawa zake, huenda asihisi lolote kwa wiki kadhaa. Atadhani amepona. Kumbe damu yaendelea kusukumwa kwa nguvu kupita kiasi, na siku moja mshipa wa kichwani waweza kupasuka au kuziba, akapatwa na kiharusi.

Neno "utafiti" siku hizi limekuwa kama muhuri wa serikali. Likitajwa tu, watu huacha kuuliza. Lakini utafiti ni kazi kama kazi nyingine: kuna uliofanywa vizuri, kuna uliofanywa ovyo, na kuna usiofanywa kabisa ila hutajwa ili bidhaa inunuliwe. Leo tutaeleza jinsi ya kuutofautisha, kwa kutumia mifano iliyotokea hapa kwetu Afrika Mashariki.

SOMO LA SHAMBA LA VIAZI

Anayelima viazi Elburgon au Molo tayari ajua kanuni kuu ya utafiti, hata kama hajaingia chuo kikuu.

Tuseme umeuziwa mbolea mpya. Waitia shamba zima, mvua yanyesha vizuri, nawe wavuna magunia mengi kuliko mwaka jana. Je, ni mbolea au ni mvua? Huwezi kujua. Lakini ukigawa shamba mara mbili, upande mmoja ukatia mbolea mpya na mwingine ukaacha kama kawaida, mvua itanyeshea pande zote mbili sawasawa. Tofauti ikionekana wakati wa kuvuna, una sababu ya kuisifu mbolea.

Upande ule usiotiwa mbolea ndio watafiti wanaouita kikundi cha kulinganisha. Bila kikundi hicho, ushuhuda wa mtu aliyepona hauthibitishi mengi. Mafua huisha yenyewe baada ya siku kadhaa hata usipomeza chochote. Maumivu ya viungo hupanda na kushuka. Mtu hununua dawa siku ambayo maumivu yamezidi, kisha yakipungua, kama ambavyo yangepungua tu, huisifu dawa.

Kuna jambo la pili. Ukitia mbolea mpya upande ulio karibu na zizi la ng'ombe, umejidanganya, kwa sababu upande huo tayari ulikuwa na rutuba. Ndiyo maana watafiti waangalifu hupiga kura: nani apate dawa na nani asipate huamuliwa kwa bahati nasibu, si kwa kuchagua wenye nguvu au wenye pesa.

La tatu ni kuficha. Mgonjwa akijua amepewa dawa mpya, moyo humchangamka na husema anajisikia nafuu. Kwa hiyo wale wa kikundi cha kulinganisha hupewa tembe bandia zinazofanana kabisa na dawa yenyewe. Wala mgonjwa wala daktari anayempima hajui ni ipi, mpaka hesabu ifanywe mwishoni.

MKWAJU NA TUNU WA TANZANIA

Je, hata mafunzo ya redio yaweza kupimwa namna hiyo? Yaweza, na yalipimwa kwa Kiswahili.

Mnamo Julai 1993, Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa kuigiza ulioitwa Twende na Wakati. Wengi wa rika la wazee wetu watamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na mwanamke katika kila kituo, na mkewe Tunu aliyebaki nyumbani akihangaika na watoto. Kadiri hadithi ilivyosonga, Tunu alianza kujitegemea kwa biashara yake ndogo. Mkwaju naye aliambukizwa virusi vya ukimwi na mwishowe akafa. Msomaji anayepita Salgaa usiku, akaona malori yalivyojipanga kando ya barabara, hahitaji kuelezwa kwa nini hadithi hiyo iliwagusa watu.

Mtindo huo ulibuniwa na Miguel Sabido, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni nchini Mexico katika miaka ya 1970. Siri yake ni kutomhubiria msikilizaji. Hadithi huwa na mhusika mwovu anayevuna alichopanda, mhusika mwema anayefanikiwa, na yule wa katikati anayesitasita kama wewe na mimi, kisha polepole akabadilika. Hapa Kenya nasi tulikuwa na michezo ya namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980: Ushikwapo Shikamana kwenye redio na Tushauriane kwenye televisheni.

Lakini Tanzania walifanya jambo ambalo halikuwa limefanywa kwa ukamilifu mahali pengine. Mtambo wa kurushia matangazo wa Dodoma haukurusha mchezo huo kuanzia 1993 hadi 1995. Kwa maneno ya mkulima, Dodoma ilikuwa upande wa shamba usiotiwa mbolea. Watafiti, wakiwemo Everett Rogers wa Chuo Kikuu cha New Mexico nchini Marekani, Peter Vaughan na Mtanzania Ramadhan Swalehe, waliwahoji watu wa nyumba nyingi mwaka hadi mwaka, tangu 1993 hadi 1997, katika sehemu zilizousikia mchezo na katika Dodoma.

Matokeo yalionyesha kwamba palipotangazwa mchezo, matumizi ya njia za kupanga uzazi yaliongezeka kuliko Dodoma, na watu wengi zaidi walisema wamepunguza idadi ya wapenzi au wameanza kutumia mipira ya kondomu. Mchezo ulipoanza kutangazwa Dodoma mwaka 1995, mabadiliko yakaanza kuonekana huko nako. Hilo la mwisho ndilo lililowapa watafiti nguvu ya kusema kwamba ni redio, wala si bahati tu.

Watafiti hao walijua pia kwamba mtu akiulizwa mambo ya faragha, aweza kumjibu mgeni kile anachodhani mgeni angependa kusikia. Kwa hiyo hawakuridhika na majibu ya mdomo. Walichunguza vilevile kumbukumbu za kliniki, kuona ni akina mama wangapi wapya waliokuja kutaka huduma, na kuwauliza ni nini kilichowaleta.

Hata hivyo, kasoro hazikosi. Dodoma ilikuwa tofauti na sehemu nyingine hata kabla ya mchezo. Isitoshe, haikuchaguliwa kwa kura. Na katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na mafunzo mengine ya ukimwi kutoka hospitalini, makanisani na misikitini. Utafiti mzuri hutaja kasoro zake wenyewe. Ukisikia mtu akieleza utafiti usio na kasoro hata moja, jihadhari.

MINYOO YA BUSIA

Mfano wa pili ulitokea hapa nchini. Mwaka 1998, wataalamu wa uchumi Edward Miguel na Michael Kremer, wakishirikiana na shirika moja la misaada, walianza kuchunguza shule 75 za msingi wilayani Busia zilizokuwa na zaidi ya watoto 30,000. Zaidi ya watoto tisa katika kila kumi waliopimwa walikuwa na minyoo ya aina moja au nyingine.

Shule ziligawanywa katika mafungu matatu ya shule 25. Fungu la kwanza lilianza kupewa dawa ya minyoo mwaka 1998, la pili mwaka 1999, na la tatu mwaka 2001. Hakuna shule iliyonyimwa kabisa, ila zile zilizongoja zamu zao zilitumika kuwa kikundi cha kulinganisha. Kuhudhuria hakukupimwa kwa daftari la mwalimu peke yake. Wachunguzi walifika shuleni bila kutoa habari wakahesabu watoto waliopo.

Walichogundua ni kwamba katika shule zilizopewa dawa, utoro ulipungua kwa karibu robo. Mtoto asiye na minyoo hana maumivu ya tumbo ya mara kwa mara na damu yake haipungui, kwa hiyo huenda shule. Lakini alama za mitihani hazikupanda. Hili la pili ni muhimu sawa na la kwanza, ingawa watangazaji hupenda kulisahau.

Kuna jambo jingine la kumfikirisha mwalimu. Pamoja na dawa, watoto walifundishwa kunawa mikono, kuvaa viatu na kutocheza katika maji ya ziwa. Mafunzo hayo ya darasani hayakubadilisha tabia zao kwa kiasi cha kuonekana. Na wazazi wa baadhi ya shule walipotakiwa kulipia dawa ada ndogo mwaka 2001, watoto waliotumia walipungua kutoka takriban watatu katika kila wanne hadi chini ya mmoja katika kila watano. Kumbe kumwambia mtu jambo jema hakutoshi. Yafaa pia liwe rahisi kufanya na lisimgharimu asichonacho.

Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kutoa dawa za minyoo shuleni, na utafiti wa Busia ulikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2019 Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa namna hii ya kuchunguza umaskini.

Je, mjadala uliishia hapo? La. Mwaka 2015 wataalamu wengine waliirudia hesabu ya Busia kwa kutumia takwimu zile zile, wakakuta makosa. Sehemu iliyodai kwamba hata watoto wa shule za mbali walinufaika ilipungua nguvu, ingawa kupungua kwa utoro katika shule zenyewe kulibaki. Wataalamu waliokusanya matokeo ya tafiti nyingi za nchi mbalimbali nao walisema kwamba kuwapa dawa watoto wote bila kuwapima hakuonyeshi faida kubwa kila mahali. Hivyo ndivyo elimu inavyokua: mmoja asema, mwingine ahakiki.

BUSIA SI ELBURGON

Hapa msomaji wa Elburgon ajiulize swali: yaliyotokea Busia yanihusu?

Busia iko katika nyanda za chini zenye joto, karibu na Ziwa Victoria. Konokono wanaobeba kichocho huishi katika maji ya huko, na safura huipenda ardhi yenye joto na unyevu. Elburgon iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi nyingine nyasi huwa na jalidi. Kiasi cha minyoo na aina zake haziwezi kuwa sawa. Dawa iliyoleta faida kubwa palipokuwa na minyoo mingi yaweza kuleta faida ndogo palipo na michache.

Hii haina maana kwamba mtoto wa Elburgon hawezi kupata minyoo. Minyoo mikubwa ya tumboni huenezwa na mikono michafu, mboga zisizooshwa na vyoo vibaya, na mambo hayo hayachagui mwinuko. Maana yake ni kwamba kabla ya kunakili mpango wa mahali pengine, yafaa kwanza kuwapima watoto wa mahali hapa. Huenda ikaonekana kwamba adui mkubwa zaidi wa kifua cha mtoto wa hapa ni baridi na moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha.

KEMRON: FUNZO LA 1990

Mfano wa tatu ni wa uchungu kidogo. Mwaka 1990, wakati ukimwi ulipokuwa hukumu ya kifo, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ilitangaza kwamba wagonjwa waliopewa dawa iitwayo Kemron walipata nafuu kubwa. Ilikuwa kiasi kidogo sana cha interferoni, iliyotumiwa kwa mdomo. Mnamo Julai mwaka huo Rais Daniel arap Moi aliizindua hadharani. Magazeti na redio vilijaa shangwe, na wagonjwa wakaanza kuja Kenya hata kutoka nchi za nje.

Lakini utafiti ule wa kwanza haukuwa na kikundi cha kulinganisha. Hakukuwa na wagonjwa waliopewa tembe bandia. Wataalamu wa nchi nyingine, wakiwemo madaktari wa Uganda, walipoijaribu dawa kama hiyo kwa njia ya kulinganisha, hawakuona tofauti kati ya walioipata na wasioipata.

Kosa halikuwa kujaribu. Kila dawa njema ilianza kwa mtu kujaribu. Kosa lilikuwa kupiga vigelegele kabla ya mavuno, na sisi watu wa magazeti na redio tulikuwa katika ngoma hiyo. Dawa za kupunguza makali ya virusi zinazotolewa leo hospitalini zilipita katika majaribio ya kulinganisha, tena si mara moja. Ndiyo maana anayezitumia kila siku bila kukosa aweza kuishi miaka mingi na kulea watoto wake.

MTAFITI AKIBISHA HODI

Elburgon si mbali na Njoro, makao ya Chuo Kikuu cha Egerton, wala na hospitali kubwa za Nakuru. Si ajabu siku moja kijana mwenye karatasi au simu ya mkononi kubisha hodi akitaka kukuuliza maswali kuhusu afya au masomo ya watoto wako. Mkaribishe, lakini ujue haki zako.

Kwanza, ana wajibu wa kukueleza yeye ni nani, ametumwa na nani na anatafuta nini, kwa lugha unayoielewa. Mwombe akuonyeshe kibali. Chini ya sheria ya mwaka 2013, utafiti nchini huhitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI. Utafiti unaohusu afya ya watu huhitaji pia kukubaliwa na kamati ya maadili.

Pili, waweza kukataa. Waweza pia kukubali kisha ukaacha katikati, bila kunyimwa matibabu wala msaada wowote uliokuwa haki yako. Chifu, mwalimu au mume hawezi kukubali kwa niaba ya mtu mzima. Mtoto huhitaji idhini ya mzazi au mlezi.

Tatu, majibu yako ni siri. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka habari zako zitumike kwa kazi uliyoelezwa tu. Habari za ugonjwa hulindwa zaidi.

Haki hizi zililipiwa kwa gharama kubwa. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walichunguzwa bila kuelezwa ukweli na bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kuthibitishwa kuwa dawa yake. Tangu wakati huo, dunia imekaza masharti.

Nne, uliza: matokeo tutaletewa lini? Mara nyingi watu huulizwa maswali saa nzima, kisha wasisikie lolote tena. Mtafiti mwenye heshima hurudi kwenye baraza, shuleni au kanisani kueleza alichokuta.

MASWALI MATANO

Turudi kwa yule mzee na redio yake. Kabla hajapiga ile nambari ya simu, na ajiulize haya:

1. Nani anasema, na nani amelipia tangazo? Anayeuza dawa si shahidi huru.

2. Walilinganisha na nini? Kama hakuna kikundi cha kulinganisha, hiyo ni hadithi tu.

3. Walikuwa watu wangapi, na wa wapi? Watu watano walioshuhudia redioni si utafiti.

4. Je, wasiopona wametajwa? Katika kila tiba ya kweli wako ambao haikuwafaa.

5. Je, naambiwa niache dawa zangu? Jibu likiwa ndiyo, zima redio. Dawa inayodai kuponya magonjwa mengi yasiyohusiana kwa muda mfupi nayo ni ya kutiliwa shaka.

Usiache dawa za presha, kisukari, kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi kabla ya kuongea na daktari, muuguzi au afisa wa kliniki. Ikiwa unatumia mitishamba, usiwafiche. Nyingine huchanganyika vibaya na dawa za hospitali, na hawawezi kukusaidia kwa jambo wasilolijua.

Redio si adui. Mkwaju na Tunu walithibitisha kwamba sauti itokayo kwenye kisanduku kidogo yaweza kuokoa maisha ya watu wengi. Lakini kisanduku hicho hicho ndicho kiletacho matangazo ya waganga wa uongo. Kazi ya kutenganisha pumba na mchele imebaki kwako wewe msikilizaji. Kuuliza si ujinga.